Narudi kwenye ski baada ya miaka 19: ninunue ski gani za kike?

Nyamizi_MUC (Jumapili, saa 3:12 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba wajuzi mnisaidie kabla sijamwaga hela.

Nina miaka 49, nakaa München. Ski nilijifunza mwaka 1997 pale Brauneck, Lenggries, nikiwa sina hata mtoto. Wifi yangu ndiye aliyenifundisha. Nikanogewa kuliko yeye. Misimu tisa mfululizo, mpaka pisti nyekundu (njia za kushukia za ugumu wa kati) nikawa nazishuka bila kusimama njiani kuvuta pumzi. Mwaka 2006 nikashika mimba ya mapacha, ikawa kwaheri. Sasa mapacha wamemaliza shule, mmoja kahamia Leipzig, nyumba kimya, na wifi kaja na hoja yake: msimu huu turudi, Jumamosi kwa Jumamosi.

Basi nikashuka stoo. Ski zangu zipo, nilizinunua za mtumba 1998, urefu sentimita 178, nyembamba kama mbao za dari. Mimi mwenyewe urefu wangu ni 164. Uzito wakati ule 58, sasa 74, na naandika ukweli kwa sababu hamnijui.

Jana nimeingia dukani, kijana akanipa ski ya 153 yenye maua, anasema hiyo ndiyo saizi yangu. Nikiisimamisha inanifika machoni! Nimezoea ski inayonizidi kichwa kwa zaidi ya kiganja. Nikahisi napewa ya mtoto. Halafu akaanza kunitajia kiuno mara milimita 72, mara 88, rediasi, roka, nikawa naitikia tu kama niko kwenye kikao cha mahari.

Hivi hizi ski "za kike" ni za kike kweli au ni rangi tu? Urefu je? Na zile za 178 siwezi kuanza nazo tu mwaka huu, kupunguza gharama?

---

Mzee_wa_Kirumba

Nimesoma mara mbili. Yaani mnalipa ili mkaanguke kwenye barafu? Mimi hapa Mwanza nikitaka kuanguka napanda bodaboda siku ya mvua, buku mbili tu. Lakini endeleeni, nimekaa paleee na karanga zangu.

---

Jirani_Zurich

Dada usidanganywe na vijana wa madukani. Ski fupi inatetemeka ukishakolea mwendo. Mimi nina 180 na natumia 195 tangu mwaka 1994, sijawahi kujuta. Ukishajua kuteleza husahau, ni kama baiskeli. Peleka hizo 178 zikanolewe makali, zipakwe nta, twende kazi.

---

Mmalindi_Bolzano

Da Nyamizi, hongera kwa kurudi. Kaka wa Zurich, nakuheshimu, ila kwa huyu dada umemkosesha.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni wa Malindi, na mnajua Malindi na Waitaliano. Bosi mmoja alinizoea ufukweni, akanileta kwao, na huu ni msimu wangu wa 11 kwenye karakana ya duka la kukodisha ski huku Val Gardena. Wanawake wa umri wako wanaorudi baada ya watoto ninawahudumia kila wiki, na karibu wote wanaingia na hoja hiyohiyo ya "hii si ya mtoto kweli?"

Naanza na za stoo. Usizitumie, na wala siyo kwa sababu ya ski zenyewe. Tatizo ni vifungio, vile vibano vinavyokamata buti. Ndani yake mna springi na grisi. Kazi yake ni kukuachia mguu unapoanguka. Vikikaa miaka 19 stoo, hakuna anayejua vitaachia lini, au kama vitaachia kabisa. Watengenezaji wana orodha ya vifungio wanavyokubali kuwajibika navyo kisheria, na vya mwaka 1998 havimo. Fundi yeyote mwenye akili zake atakataa kuvigusa. Akikubali haraka, ondoka kwenye duka hilo.

Sasa urefu. Ski yako ya zamani ukiiangalia kwa juu ni kama rula, upana karibu sawa toka ncha hadi mkia. Miaka ya 90 ndipo likaja umbo jipya, Elan wa Slovenia wakiwa miongoni mwa waliotangulia na SCX yao: ncha pana, katikati kiuno, mkia unapanuka tena. Hiyo ya kwako ilikuwa inageuzwa kwa kusukuma visigino, si ndiyo? Unainuka, unasukuma, unashuka. Hii ya sasa unailaza ubavu tu, ule mpindo wa pembeni unakata kona wenyewe. Ndiyo maana haihitaji urefu. Utulivu uliokuwa unaupata kwenye sentimita zile 178, sasa unaupata kwenye ncha pana na namna ski ilivyojengwa ndani. Kwa urefu wako na uzito wako, 153 si ya mtoto, ila mimi ningekupandisha kidogo, 156 hadi 160. Uzito ndio unaoipinda ski, kwa hiyo usiuache nyuma ukaongea urefu peke yake.

Na hiyo ya baiskeli ni kweli nusu. Mwili unakumbuka. Tatizo ni kwamba unakumbuka ski ya 178.

Nina mteja, nakuja kuendelea.

---

Nyamizi_MUC

Mdogo wangu wa Malindi, Mungu akuzidishie. Nimecheka hapo kwenye kusukuma visigino, maana ndivyo nilivyofundishwa, "sukuma Nyamizi, sukuma!"

Buti je? Nazo ni za 1998, lakini hazina kasoro, nimezifuta vumbi zinang'aa.

---

Mmalindi_Bolzano

Zing'ae zising'ae. Fanya hivi: zivae hapo hapo nyumbani, kaza vibano, tembea nazo sebuleni dakika kumi. Kisha njoo utuambie.

---

Nyamizi_MUC (baada ya saa moja)

Jamani.

Kibano cha pili nilipokivuta kikabaki mkononi. Nikasema haya, kimoja tu. Nikasimama, nikapiga hatua kama tatu, nikasikia *kra*, kama mtu kakanyaga kibuyu kikavu. Kisigino cha buti la kushoto kimepasuka kuanzia juu mpaka kwenye soli, vipande vya plastiki vimetapakaa kwenye zulia, vingine unaviminya kwa vidole vinakuwa unga. Mume wangu kasimama mlangoni na chai yake, hasemi kitu.

---

Mmalindi_Bolzano

😂 Samahani dada. Afadhali kwenye zulia kuliko katikati ya pisti. Plastiki ile inazeeka hata usipoivaa. Kila msimu wa Krismasi tunaletewa watu wa hivyo, mguu mmoja una buti na mwingine una soksi.

Kwa hiyo mpangilio wa hela zako umeshajipanga wenyewe: BUTI KWANZA. Ski unaweza kukodi leo hii, kesho nyingine, mpaka uipate unayoipenda. Buti la kukodi limeshavaliwa na miguu mia, halikushiki. Na ski hata iwe nzuri vipi inapokea amri kupitia buti. Mguu ukicheza ndani, amri haifiki.

Buti linapimwa kwa sentimita za mguu. Simama ukutani, kisigino kiguse ukuta, pima mpaka ncha ya kidole kirefu. Ikiwa 25.5, basi ndiyo namba yako. Dukani mwambie atoe buti la ndani, lile laini, uingize mguu kwenye gamba tupu, vidole viguse mbele bila kubanwa. Nyuma ya kisigino iingie vidole viwili vya mkono, si zaidi. Vikiingia vitatu buti ni kubwa, hata kama unalisikia tamu. Hasa kama unalisikia tamu! Buti jipya linatakiwa libane kama mkono wa mtu anayekusalimia kwa furaha. Soksi ni moja, nyembamba. Mbili ni dhambi.

Ugumu wa buti nao una namba. Za kike nyingi ziko kati ya 70 na 100 na kitu. Kijana atakupa 70 kwa sababu umesema "narudi". Kwa kilo 74 na misimu tisa ya nyuma ningejaribu 80 au 90. Likiwa laini mno utalilalia mbele halafu likuache.

---

Wairimu_YYC

Hi Nyamizi, salamu kutoka Calgary. Mimi nilirudi three years ago nikiwa 44, so nakuelewa kabisa.

Kwa buti niongeze kitu hawa wanaume hawakwambii: shavu la mguu, ile nyama ya nyuma. Sisi wengi mashavu yetu yanaanzia chini kuliko ya wanaume, na ni manene. Buti la kiume linakata hapo, damu haipiti, after one hour vidole vimekufa ganzi unadhani ni baridi. Buti la kike shingo yake iko chini na imepanuka. Na bado kama haitoshi, vile vishikizo vya vibano vinafunguliwa na bisibisi vinasogezwa. Mimi vyangu vilisogezwa mara mbili. Usiaibike kuuliza.

Ski nunua Blizzard Black Pearl 88 ufunge mjadala. Kila mwanamke hapa Sunshine na Lake Louise anazo. 88 ni kiuno, upana wa katikati kwa milimita, inaenda kila mahali.

Nywele: usiende na rasta nene umezifunga juu, helmet haitakaa. Mimi nasuka matuta ya kulala chini, yanaelekea shingoni, alafu kofia nyembamba ya satini ndani. Nilijifunza baada ya kupanda lifti nikiwa na helmet imekaa juu ya bun kama sufuria juu ya jiko.

---

Mmalindi_Bolzano

Da Wairimu, Black Pearl ni ski nzuri, nimezihudumia nyingi. Ila theluji yenu ya Alberta ni kavu na baridi, inakuja kutoka mawinguni. Brauneck kilele chake ni mita 1,555 tu. Hapo theluji kubwa ni ya mashine. Asubuhi ngumu kama sakafu ya saruji, saa nane mchana imekuwa uji. Kwenye sakafu ile, kiuno cha 88 kinachelewa kuhama kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine, na goti ndilo linalolipa. Kwa anayerudi, na anayebaki pistini, mimi nasema kiuno 70 hadi 78, rediasi (ukubwa wa kona ambayo ski inaikata yenyewe) mita 13 au 14, ncha imeinuka kidogo ili isimkamate anapoanza kona. Roka ndiyo hiyo tu da Nyamizi, kuinuka kwa ncha mapema kuliko zamani. Maana ski yako ya zamani ni upinde mtupu, katikati juu, ncha na mkia chini.

Familia za kuangalia: Atomic Cloud, Head Joy, Rossignol Nova, Völkl Flair. Zote za kike, zote za pistini. Ndani ya kila familia kuna laini na kuna kali, usichukue ya kwanza kwa bei wala ya juu kabisa kwa fahari.

---

Wairimu_YYC

Fair. Lakini akija Canada atanikumbuka.

---

Jirani_Zurich

Na swali lake la msingi hamjalijibu. Za kike ni za kike kweli? Mimi nasema ni biashara. Wanachukua ski ya mwanaume, wanaichora ua, wanaongeza bei.

---

Mmalindi_Bolzano

Hapo kaka una nusu ya haki, na leo nakupa.

Zipo ambazo ni ski ileile, chini na ndani, isipokuwa rangi ya juu na urefu unaoanzia chini zaidi. Zipo ambazo ni ndugu: Black Pearl 88 ilikuwa na kaka yake Brahma 88, Völkl Secret ina kaka yake Mantra. Umbo linakaribiana, ila ya kike imepunguzwa uzito, mbao za ndani nyepesi, bati la titanali limepunguzwa au kukatwa. (Titanali si titani, ni mchanganyiko wa alumini. Wauzaji wanapenda uamini vingine.) Nyingine alama ya kufungia vifungio imesogezwa mbele kidogo, kwa hoja kwamba mwanamke uzito wake unakaa chini na nyuma zaidi, kwa hiyo akisogezwa mbele anaingia kona kwa urahisi.

Ski lakini haijui jinsia yako. Inajua kilo, mwendo na nguvu ya mapaja. Msichana wa kilo 50 anayeanza, ski ya kiume itamburuza. Mama wa kilo 74 aliyeshuka nyekundu misimu tisa, kuna za kike zitakazomkunjikia kama mkeka. Kwa hiyo jaribu za kike za daraja la kati kwenda juu, na fundi akikuletea moja isiyo na ua, ipande tu.

---

Mapendo_38

Yaya Nyamizi, jambo. Mimi ni wa Goma, niko Grenoble. Hapa karibu iko Chamrousse, pale walifanyia ski ya Olimpiki ya 1968, basi kila mtu hapa anajifanya mwalimu.

Mimi nilifanya kosa nikupe bure. Nilirudi baada ya miaka nane, nikanunua ski mpya siku ya kwanza, zile za wenye nguvu, kwa sababu nilijiona ni yule wa zamani. Nilizipanda mara nne. Mapaja yaliwaka moto, nikawa ninakaa nyuma, nyuma, nyuma. Na ukikaa nyuma ski inaondoka yenyewe. Nikaziuza kwa nusu bei.

Mwaka uliofuata nikakodi ya msimu mzima, Novemba mpaka Aprili. Bei yake haikufika robo ya ile niliyopoteza. Katikati ya msimu duka likanibadilishia bila neno. Kwa hiyo nunua buti, kodi ski. Mwezi wa tatu utajua wewe ni nani, na bei za ski zinashuka wakati huo, maduka yanasafisha.

---

BintiUnguja

Asalaam alaykum. Mie niko Dubai, nacheza Ski Dubai pale Mall of the Emirates. Msinicheke, mteremko mrefu ni mita 400 tu na umekwisha kabla hujamaliza Ayatul Kursiy, lakini kwa mtu aliyeacha muda mrefu ni pazuri mno. Ndani ni digrii moja au mbili chini ya sifuri, vifaa wanakupa humo humo, theluji haibadiliki. Dada'angu ukipita Dubai ukienda nyumbani likizo, siku moja tu hapo itakutoa woga.

Na kwa wenye mitandio: mie navaa ile ya kuvuta kichwani, ya jezi nyembamba, chini ya helmeti. Pini usiweke kabisa.

---

Mzee_wa_Kirumba

Swali la kiufundi. Yule Mkenya Philip Boit, aliyesubiriwa na Mnorwe pale mwisho mwaka 1998 wakakumbatiana, alitumia kiuno cha ngapi?

---

Mmalindi_Bolzano

Mzee umeibuka 😄 Boit alikuwa kwenye ski za nyika, kule Nagano, na Mnorwe ni Bjørn Dæhlie. Ni mchezo mwingine. Ski zile nyembamba kabisa, kisigino kiko huru, unatembea nazo na kupanda nazo. Hizi za da Nyamizi ni za kushuka, kisigino kimefungwa. Ukitaka Mkenya wa kushuka, na mwanamke, ni Sabrina Simader, aliyekulia Austria na kuivalia Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang 2018.

---

Nyamizi_MUC (Jumamosi iliyofuata, jioni)

Mrejesho wa kwanza.

Buti nimenunua. Nimekaa dukani saa mbili na nusu. Mama mmoja wa makamo, mfupi, penseli sikioni, akanivua viatu akatazama miguu yangu kimya kama daktari. Mguu wa kulia 25, wa kushoto 25 na nusu. Akasema gamba ni lilelile kwa 25 na 25.5, kwa hiyo nisisumbuke. Nilijaribu sita. La tano lilikuwa tamu sana nikataka kulipa, nikakumbuka maneno ya hapa, nikatoa la ndani, vidole vitatu vikaingia nyuma. La sita lilinibana mpaka nikakunja uso, lakini nilipopiga magoti mbele visigino havikuinuka hata kidogo. Ugumu 85.

Nimeliwa euro 380. Mume wangu nimemwambia 280. Akiuliza, ninyi hamjui kitu.

Swali: kwenye fomu ya kukodi ski wameuliza umri, uzito, urefu, urefu wa soli, na aina ya mtelezaji 1, 2 au 3. Uzito niliandika 66. Ina madhara?

---

Mmalindi_Bolzano

Ina madhara dada! Rudi ukaandike 74.

Hizo ndizo zinazotoa namba ya DIN, yaani nguvu inayohitajika kifungio kikuachie. Urefu wa soli usikisie, umechapwa kwa milimita pembeni ya kisigino cha buti. Ukipunguza uzito, namba inashuka, ski itakuvuka mguuni katikati ya kona wakati hujaanguka. Ukijitia aina ya 3, ya wanaokwenda kwa kasi na nguvu, kwa fahari, namba inapanda, utaanguka na ski isiachie, goti lizunguke peke yake. Anayerudi ni aina ya 1, ya wanaokwenda kwa tahadhari, kwa hiari yake, hata kama zamani alikuwa simba. Na umri uandike wa kweli, kwa sababu ukifika 50 jedwali linakushusha mstari mmoja.

Goti nalisisitiza kwa kuwa kano ya mbele ya goti inawakatikia wanawake zaidi kuliko wanaume kwenye mchezo huu. Mara nyingi siyo kwa mwendo mkali. Mtu amekaa nyuma, makalio yamekwenda chini ya magoti, anajaribu kujiinua huku bado anateleza. Ukishaanza kuanguka hivyo, anguka. Kunja mikono mbele, kaa chini, ngoja usimame kabisa ndipo uinuke.

Halafu uliza kama soli ya buti lako ni ya GripWalk, ile yenye mpira iliyojikunja kidogo. Nyingi za sasa ni hizo. Kifungio lazima kiwe cha kuikubali. Ndiyo sababu nyingine hata hizo 178 zako zisingekaa nayo.

---

Nyamizi_MUC

Mwezi wa kwanza tarehe 9 natimiza 50. Kwa hiyo nikienda tarehe 8 niko mstari mmoja na tarehe 10 mwingine?

---

Mmalindi_Bolzano

Kwa jedwali, ndiyo. Tarehe 10 pitia dukani wakupime upya, ni dakika tano. Na keki utuletee.

---

Jirani_Zurich

Nimekaa nimesoma yote. Leo nimeziangalia 195 zangu, vifungio vina kutu kwenye springi. Sisemi kitu.

---

Mapendo_38

Kaka, umesema.

---

Nyamizi_MUC (Januari, baada ya wiki sita)

Mrejesho wa pili, samahani nimechelewa.

Nimetoka mara nne. Ya kwanza sikwenda Brauneck, wifi alinipeleka kwanza kwenye kilima cha watoto, nikakasirika, nikanyamaza. Nilikuwa na ski ya 158, kiuno 72. Kona mbili za kwanza nikasukuma visigino kama zamani, ski zikanigeukia ghafla nikatazama nilikotoka. Mtoto wa miaka kama sita akanipita anaimba. Nikasimama, nikakumbuka "ilaze tu". Nikaegemeza magoti kulia, sikusukuma. Ikaenda. Yaani ikachora mstari mmoja mwembamba kwenye theluji, kama kisu kwenye siagi iliyotoka friji. Nikageuka kuutazama mara mbili, sikuamini ni wangu. Miaka tisa yote ile nilikuwa nafagia tu, kukata sijawahi.

Ya pili na ya tatu Brauneck. Asubuhi sakafu ya saruji kama mlivyosema, na ile 72 ilishika. Mchana uji. Siku ya tatu duka likanipa 78 nijaribu, ya daraja la juu kidogo, haina ua hata moja. Asubuhi nilimkumbuka yaya Mapendo, mapaja yaliwaka. Mchana kwenye uji ikawa nzuri kuliko ya kwanza, haikuzama. Sasa niko njia panda: 72 ya asubuhi au 78 ya mchana. Wifi anasema niondoke saa saba na nusu kila siku tatizo liishe.

DIN nimepimwa upya tarehe 10. Imeshuka kwa nusu namba.

Kuhusu 178: mume wangu amezikata zikawa sehemu ya kutundikia makoti hapo mlangoni. Ameniomba radhi kwa kusimama tu na chai yake siku ile buti lilipopasuka, na bei ya buti ameijua, risiti ilikuwa ndani ya boksi.

Limebaki moja. Buti la kushoto, kidole cha mwisho. Baada ya masaa matatu panawaka kama nimekanyaga kaa. Nimefikiria kuchukua kisu nipunguze kidogo lile buti la ndani, hapo tu.

---

Mmalindi_Bolzano

Weka kisu chini. Ukilikata, limekwisha, na nafasi hutapata kwa sababu kinachobana ni gamba.

Chukua rangi ya mdomo. Paka kwenye kile kifundo cha mfupa kinachouma. Toa buti la ndani, ingiza mguu mtupu kwenye gamba, kisigino kigonge nyuma kabisa, kandamiza kidole kwa nje. Toa mguu. Hapo penye doa ndani ya gamba ndipo panapotakiwa kupashwa moto na kusukumwa nje. Mpelekee yule mama wa penseli Jumanne, Jumamosi watu ni wengi.

---

Nyamizi_MUC

Nina nyekundu na ya zambarau.

---

Mmalindi_Bolzano

Gamba lako la rangi gani?

---

Nyamizi_MUC

Jeusi.

---

Wairimu_YYC

Nyekundu siz. Ya zambarau haitaonekana.